Zamu ya Justa

Kule Rwamgasa, kabla makarasha hayajaanza kusaga mawe na kuwaziba watu masikio, kuna saa moja tamu ya asubuhi, na saa hiyo ni mali ya benchi la Mama Masalu. Benchi lenyewe ni gogo lililokuwa liende duarani, ndani ya shimo la dhahabu, kuzuia kuta zisiporomoke, likakataliwa kwa sababu limepinda, likalazwa juu ya mawe mawili kando ya njia. Ukikaa ukitazama mbele unaona duara la mzee Bujiku, winchi yake na turubai la bluu. Ukigeuza shingo unaona shule ya msingi na bati lake jipya. Hakuna anayegeuza shingo. Wanaokaa hapo ni walewale: Edward, anayenunua dhahabu kidogo kidogo, na kwa kale kamizani kake ka mfukoni wakamwita Mizani, Boaz, anayeshusha watu na kupandisha mawe, huyo ni Kamba, na Marwa, ambaye hajawahi kugombea hata ujumbe wa mtaa, lakini kwa kupenda kusema kwa niaba ya wengine anaitwa Mheshimiwa. Kahawa ya Mama Masalu ni nzuri. Maneno yanayonywewa nayo, hayo kila mtu ayapime mwenyewe.

Asubuhi hiyo Ngusa, mchimbaji wa duara la Bujiku, alikuwa amekaa nao, kikombe mkononi, hanywi. Binti yake Justa alikuwa ameanza darasa la kwanza Januari hiyo, na tangu aanze hakuna siku aliyomaliza masomo. Kama angelia, Ngusa angejua la kufanya. Mtoto halii. Anavaa sare mwenyewe, anabeba mkoba, anamwamkia mwalimu, anakaa. Kisha ananyanyuka na kuondoka, taratibu, mithili ya mtu mwenye miadi. Jana Mwalimu Violeth alimwita Ngusa na kumwambia kwa upole kwamba kama hali ni hii, wiki hii ikiisha amrudishe nyumbani, wajaribu tena mwakani. Mama yake Justa, Juliana, yuko Chato kufuata dagaa, na kabla hajapanda basi alisema neno moja tu: nikirudi nimkute mtoto yuko shule.

— Baba Justa, kahawa inapoa, alisema Mama Masalu.

— Iache ipoe. Nimempeleka sasa hivi, nimemwacha mlangoni. Hapa nasubiri tu kumwona akirudi.

— Tatizo hamkumpima, alisema Mizani.

— Alipimwa. Mkono umepita juu ya utosi, umeshika sikio la upande wa pili, mbele ya mwalimu mkuu.

— Mkono upi?

— Wa kulia.

— Umeona sasa. Mkono wa kulia unapima kichwa. Wa kushoto ndio unapima moyo, maana moyo uko kushoto. Mwanao kichwa kimeshafika darasani. Moyo uko njiani, bado unakuja.

Benchi zima likajaribu mkono wa kushoto. Mheshimiwa akalifikia sikio kwa raha zake. Kamba, ambaye bega lake limekaza kwa miaka ya kuvuta, aliishia kwenye paji la uso, akabaki pale ameng'ang'ana.

— Basi mimi nisubiri mwakani, alisema.

Hata Ngusa alicheka, na kicheko kikamsaidia kumeza kahawa kidogo.

— Mimi nawaambia kitu cha kazini, Kamba akaendelea akilisugua bega. Mtu mgeni akija duarani simshushi mpaka chini siku ya kwanza. Namshusha kidogo, namwita, anaitika, namrudisha juu apumue. Kesho namshusha zaidi. Nyie mtoto mmemshusha mpaka chini kwa mara moja.

— Kamba, huyo hajaogopa kushuka, alisema Ngusa. Anashuka vizuri. Anapanda bila kuitwa.

— Labda ni ile shule. Iko mlimani. Mtoto wa machimbo hajazoea kupanda.

— Anakimbia mlima ule kila siku akifuata mbuzi wa jirani.

— Basi sijui.

Hapo Mheshimiwa akakohoa, na watu wakajua zamu yake imefika. Aliweka kikombe chini, kwa sababu hoja zake huhitaji mikono yote miwili.

— Mnazungukazunguka. Nijibuni. Akitoka shule anakwenda wapi?

— Duarani kwa Bujiku, alisema Ngusa. Anakaa pembeni mwa turubai.

— Mahali tofauti tofauti, au palepale?

— Palepale. Penye lile jiwe.

— Anatazama wapi?

— Shimoni.

— Basi, alisema Mheshimiwa, akawatazama mmoja mmoja. Ndugu zangu, mtoto aliyezaliwa juu ya dhahabu anaisikia. Sisi tunapiga nyundo mwaka mzima tunatoa vumbi, yeye kila siku anakuja anakaa pale, anatuonyesha kwa macho, na sisi tunamshika mkono tunamrudisha akasome a, e, i, o, u. Tunamsomesha nini, na yeye ndiye mwalimu?

Mizani aliacha kufuta kamizani kake. Kamba alisema polepole kwamba, kweli, chini ya lile jiwe upande wa mashariki hakuna aliyewahi kuchimba. Tusidanganyane: hata Ngusa mwenyewe, kwa muda wa kupepesa jicho, alishaiona pikipiki mpya imeegeshwa mlangoni kwake. Kisha akaona aibu.

— Mheshimiwa, rudisha kikombe changu, alisema Mama Masalu. Kahawa imekuzidi.

Alikuwa bado ameunyoosha mkono apokee kikombe alipokaza macho kuelekea mlimani.

— Huyo anakuja.

Justa alikuwa anateremka njiani, sketi ya bluu, shati jeupe, mkoba umemfunika mgongo mzima. Hakukimbia wala hakujificha. Alipofika alisimama, akapiga goti kidogo kama mama yake alivyomfundisha.

— Shikamooni.

— Marahaba, benchi liliitikia kwa pamoja. Kamba akaongeza, mwangaluka mayu, na mtoto akamjibu kwa Kisukuma vilevile, bila haraka.

Ngusa alihisi hasira ikipanda, ile hasira ambayo nusu yake ni aibu ya kuonekana na watu.

— Justa. Umetoroka tena.

— Sijatoroka, baba. Nimemuaga mwalimu.

— Umemwambia nini?

— Nimemwambia zamu yangu imefika.

Mheshimiwa alitaka kucheka, akaona uso wa Mama Masalu, akaacha.

— Zamu gani? aliuliza Ngusa.

— Ya kukungoja. Unakaribia kushuka.

— Kuningoja ili iweje?

Justa alimtazama baba yake, kisha akawatazama wale wengine, mmoja mmoja, kwa mshangao. Ilikuwa wazi kwamba kwake yeye hilo ni jambo linalojulikana, na wao ndio waliolisema.

— Si mlisema wenyewe? Siku ile ya Kigoma.

Kigoma alikuwa mchimbaji wa duara la jirani, aliyefukiwa na ukuta masika yaliyopita. Jina lake halisi hakuna aliyelijua, walimwita tu kwa mkoa aliotoka. Walimtoa, wakamzika hapohapo Rwamgasa, kwa kuwa hakukuwa na namba ya kupiga wala ndugu wa kumpa habari. Jioni ile walikaa kwenye gogo hilihili wakazungumza, kama watu wazima wanavyozungumza wakidhani mtoto anayemenya karanga miguuni pao hana masikio.

— Mlisema, maskini Kigoma, hakuwa na mtu wa kumngoja, alisema Justa. Mjomba Kamba akasema kweli. Na baba akasema kweli. Wote mlisema kweli.

Ngusa alikumbuka. Walisema. Walimaanisha mke, mama, mtu yeyote wa kumlilia. Mtoto alisikia sababu: mtu alibaki chini kwa kuwa huku juu hakuna aliyekuwa anamngoja. Akaenda akalitafuta jiwe lake, akakaa.

Ngusa alitafuta maneno ya kumwelewesha, akaona mtego ulipo. Kumwambia mtoto kwamba kungoja hakuzuii ukuta ni kumwambia pia kwamba ukuta unaweza kumwangukia baba yake yeye akiwa amekaa palepale, amengoja vizuri. Nani wa kusema hilo asubuhi kama ile, mbele ya mtoto wa darasa la kwanza?

Kamba ndiye aliyejaribu.

— Lakini mimi niko pale juu, mayu. Kamba ya baba yako naishika mimi.

— Wewe unangoja mawe, alisema Justa.

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu alichokiona. Kamba aliinamisha kichwa akaitazama mikono yake, kwa sababu ni kweli, kule chini kinachoulizwa kila mara ni mawe yamefika mangapi.

— Nikiwa shule, nani atamngoja baba?

Aliuliza kama anavyouliza kama uji umeiva, naye akasubiri jibu. Mheshimiwa, anayejibu hata maswali ambayo hayajaulizwa, aligeukia birika. Mizani alikuwa anafuta kioo kilichokwisha kung'aa.

Ngusa alimtazama mwanawe. Tangu masika kila alipotoka shimoni amejaa tope alimkuta pale na kopo la maji, akimwambia, baba, nawa. Alidhani anacheza. Kuna siku alimfokea kwa nini hachezi na wenzake. Jua limempiga pale, mvua imemkuta pale, na jioni ameingia nyumbani ameota moto na mama yake, hajasema neno. Walikaa hapa wakipima kama moyo wake umefika shule. Moyo huo umekuwa ukifanya kazi ya mtu mzima mbele ya macho yao, zamu nzima, bila kulia hata mara moja. Ngusa ameshuka mashimo marefu maishani mwake. Hajawahi kuona kitu kirefu kama kile kilichokuwa ndani ya mtoto yule, na ni yeye aliyemzaa, na hakujua.

Mama Masalu aliweka birika chini. Akajifuta mikono kwa kanga, akainama mpaka macho yake yakawa sawa na ya Justa.

— Hebu nipe mimi hiyo zamu.

Justa alimwangalia kwa muda mrefu, jinsi Mizani anavyoangalia dhahabu ya mtu asiyemjua.

— Utaweza?

— Nikikaa hapa naliona duara lote. Mimi siendi popote, kazi yangu ni hapahapa.

— Kahawa ikiisha huwa unaondoka.

— Sitaondoka.

— Hata akichelewa?

— Hata akichelewa.

— Akichelewa ndiyo usiondoke kabisa, alisema Justa. Watu wakikwambia nenda nyumbani, waambie sawa, lakini usiende.

— Nimesikia.

— Kopo liko nyuma ya lile jiwe. Akitoka mpe maji, mwambie anawe. Lakini usimwambie ulikuwa unaogopa. Mpe maji tu.

Mama Masalu akaitikia kwa kichwa. Ngusa alitazama chini. Machozi yalimtoka mbele ya wanaume wenzake na hakujali, ila aliomba mtoto asiyaone, na papohapo akaelewa kwamba hilo hasa ndilo mtoto amekuwa akimfanyia yeye.

— Basi nakwenda, alisema Justa. Uji bado haujagawiwa.

Akaupandisha mkoba mabegani, akapiga goti kidogo kuwaaga, akashika njia ya mlimani. Kwa mbali karasha la kwanza liliwaka, likakohoa, likaanza kusaga. Benchi lote lilikuwa limegeuza shingo upande wa shule, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu gogo lile lilazwe pale. Mtoto alipanda mdogo mdogo, na mkoba ndio walioendelea kuuona baada ya yeye kuwa mdogo sana. Hakuangalia nyuma.

Kamba alisimama, akatupa masalia ya kahawa yake chini.

— Twende, Baba Justa. Jua limepanda, Bujiku atatufokea.

Ngusa hakunyanyuka. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa darasa kule juu.

— Ngoja kwanza aingie.

Kamba akaketi tena.