Fundi Herménégilde na Msafara wa Mwendo wa Heshima

Na Isra, fundi mwenzake

Leo, tarehe 30 Aprili, baada ya miaka ishirini na sita ya kupanda ngazi, kutambaa chini ya sakafu za watu na kuwakaripia wateja kwa upole, Mzee Herménégilde Bigirindavyi anastaafu ufundi umeme katika karakana yetu ya Rågsved, huku ughaibuni kwenye baridi.

Alianza na taa za ngazini na soketi za maegesho. Magari ya umeme yalipoingia, yeye ndiye wa kwanza kwetu kufunga chaja za nyumbani, na hakuna mteja aliyepata chaja bila kupata somo. Volti, husema, ni kasi ya mkono wa mpakuaji kwenye sherehe. Ampea ni ukubwa wa upawa. Zidisha kimoja kwa kingine ndipo utajua sahani, yaani betri ya gari, itajaa lini. Soketi ya ukutani, volti 230 na ampea 10, ni mpakuaji mmoja mwenye kijiko. Fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme za ampea 16 kila mmoja, ni akina mama watatu wenye pawa: gari linaloshinda na kulala kwenye soketi, hapo hujaa hujamaliza usingizi. Ukidai upawa mkubwa kuliko sahani ya gari lako, atakuuliza kama una wazimu.

Lakini mganga hajigangi. Majira ya baridi ya mwaka juzi binti yake, Bella, aliolewa, na Mzee akaapa kumpeleka kanisani Kista kwa gari lake jipya la umeme. Jana yake mchana alilichomeka kwenye soketi ya maegesho ya nyumbani, akapiga hesabu ya volti na ampea, akalala kwa amani. Hesabu ilikuwa sahihi. Alichosahau ni kwamba soketi zile ni za kupasha moto injini za petroli wakati wa baridi, na taima, saa ya kuzimia umeme, huzikata baada ya saa mbili. Taima zenyewe alizifunga yeye.

Asubuhi umeme uliokuwemo kwenye betri ungetufikisha kanisani kwa shida, tena joto likizimwa na mwendo ukiwa wa kobe. Magari mengine yalishajaa wageni, yamejipanga nyuma yakipiga honi. Mimi nilikaa mbele na maua. Nyuma alikaa Bella, shela kichwani, mabegani koti la kazi la baba yake, lile la njano linalong'aa.

"Pappa, värmen!" alilia, akidai joto.

"Vumilia, mwanangu," Mzee alijibu bila kugeuka. "Leo tuna mpakuaji mmoja."

Tulifika. Gari lilizimika uwanjani pa kanisa, nasi tukaficha koti. Mama Séraphine, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alimpongeza Mzee huku akifuta machozi: hajapata kuona msafara wenye heshima kama ule. Tangu siku hiyo harusi zetu zote huenda mwendo huo, kwa amri yake. Mzee hakumsahihisha, nami niliahidi kunyamaza mpaka astaafu.

Amestaafu.

Mzee wetu, mafundi wote uliotukaripia tunakushukuru kwa moyo, na tutakukosa sana. Jumapili ulipokuwa ibadani tulifunga zawadi kwenye egesho lako: chaja ya fezi tatu, ampea 16, isiyo na taima. Tunajua utaifungua uikague, na kosa utalipata. Bella atajifungua Juni, na ameshasema safari ya hospitali Flemingsberg haitaki mwendo wa heshima.

Gari lako na lijae upesi, Mzee. Wewe ishi polepole.