Dawa ya Mishipa ya Bundala

Nilishameza mafunda mawili ndipo nikaona kijiwe kizima cha kahawa kimenikodolea macho. Nimekunywa kahawa Mombasa, Kampala mpaka Bujumbura, ndiyo maana wananiita Pasipoti, halafu hapa Bariadi, nyumbani, nikashindwa kujua kikombe nilichokamata hakina kahawa. Kilikuwa na dawa ya Bundala. Midomo ikawa inateleza kwa mafuta. Bundala analima pamba Sapiwi, na siku hizi akipanda baiskeli kifua kinambana. Hospitali walimwambia mishipa yake ya damu imeingia mafuta, wakampa vidonge. Kaviacha. Tangu biashara ifunguliwe kwa watu binafsi kila mtu anauza kila kitu, na huyu tunayemwita Soko Huria, msimu ananunua pamba, nje ya msimu anauza mizizi ya dawa, ndiyo hii ya Bundala.

— Pasipoti, umekunywa dozi ya mgonjwa! akafoka Soko Huria.

— Nisamehe, kaka. Sasa nakufa au napona?

— Unazibuka! Mzizi huu unasugua mshipa kama mswaki.

Injinia, ambaye cheo hicho alikipata kwa kufagia kiwanda cha pamba, akatikisa kichwa.

— Mswaki wapi! Mshipa ni bomba. Dawa inasukuma mafuta yanapanda, yanatokea utosini. Hamuoni Bundala anavyong'aa?

— Hilo jasho, nikasema. Mtu kakaa kivulini anatiririka.

— Wewe kutembea kwingi kumekuharibu, akasema Soko Huria. Kuna mzee mmoja kule Nkoma alikunywa wiki moja, akakimbiza ndama mpaka Nyalikungu!

— Akamkamata?

— Ndama mwenyewe aliomba kupumzika.

Bundala akacheka, akashika kifua, akaacha kucheka.

Hapo akafika mkewe, Specioza, vidonge kavifunga kwenye pindo la khanga.

— Mwangaluka, akatusalimu Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu, tukamwitikia kama mama.

— Soko Huria, hiyo dawa inanywewa na nini?

— Samli. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Bila samli mzizi haushuki.

— Samli ya ng'ombe wetu wenyewe, akaongeza Bundala kwa fahari.

Specioza akatutazama mmoja mmoja.

— Mishipa imejaa mafuta. Mnamnywesha mafuta. Yatatoka vipi?

Injinia akachungulia ndani ya kikombe. Soko Huria akakumbuka ana mzigo wa kupokea. Mimi nikajifuta mdomo.

— Lakini mama Minza, Bundala akamnong'oneza mkewe, nyumbani limebaki dumu zima la samli.

— Nitakaangia dagaa. Meza vidonge.