Pikapu ya Waithaka na Kilima cha Njabini

Benchi la Mountain View ni ubao mmoja juu ya matofali, pale barabara ya mtaa inapoingia Waiyaki Way, ubavuni mwa birika la Kanyiva, muuza kahawa. Ukikaa mwisho huu lazima mwenzako akae mwisho ule, la sivyo mnapinduka nyote na kahawa yenu, ndiyo maana hapo watu hugombana bila kuinuka. Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, mwisho mmoja alikaa Oduor, bawabu aliyestaafu, anayeitwa Profesa kwa sababu anasoma gazeti hata matangazo ya vifo. Mwisho wa pili alikaa Mwendwa, muosha magari, kwa jina la benchi Turbo. Jina hilo alijipa mwenyewe mwaka alioacha shule Fomu Tuu, na hakuna aliyempinga maana alikuwa na mdomo wa kulitetea. Mbele yao ilisimama pikapu ya dabo-kebini, nambari za KAU, imeng'arishwa mpaka ungenyolea ndevu kwenye mlango wake. Na mbele ya pikapu alisimama Kiragu, fundi wa makabati, ndani ya suti. Hakutaka kukaa asije akaikunja.

— Nikuulize tena, Turbo, — alisema Kiragu. — Itapanda?

— Kupanda? Wewe uliza kama itakubali kushuka! Hii ni foo-wili, bwana harusi, magurudumu yote manne yanasukuma. Injini lita tatu, dizeli. Tumbo liko juu, mbuzi anapita chini yake bila kuinama.

— Shemeji amepiga simu. Njabini imenyesha tangu juzi. Na ile njia ya kwao ni udongo mweusi.

— Mweusi, mwekundu, hata wa kijani. Gari haiangalii rangi.

Kiragu hakucheka. Safari ya kwanza ya posa walikuwa wamekodi gari ndogo, ikalala chini ya kilima cha wakwe, wazee wa ukoo wakapanda kwa miguu na kreti za soda kichwani. Walifika saa kumi. Wenyeji walikuwa wameshakula na kunawa mikono. Baba mkwe aliwatazama suruali zilizojaa matope, akauliza kama walikuja kuoa au kuuza soda. Leo walikuwa wanapeleka ruracio yenyewe, mahari kamili, na neno lilikuwa limetumwa mapema: mkichelewa tena, msisumbuke kubisha lango. Ndiyo maana Kiragu alimwendea mzee Waithaka wa Loresho, ambaye yeye alimtengenezea makabati ya jikoni, akamwomba pikapu. Waithaka alikubali kwa sharti moja, iendeshwe na Mwendwa, kijana anayeiosha kila wiki na mwenye leseni.

— Kijana anasema kweli, — Profesa aliingilia, akikunja gazeti. — Hizi za kisasa zina akili. Ikiona matope inajipima, inajua gurudumu gani lina njaa, inalilisha nguvu kidogo kidogo. Ndiyo wahenga wakasema haba na haba hujaza kibaba.

— Hao wahenga walikuwa na pikapu? — aliuliza Kanyiva, akimimina.

— Walikuwa na hekima, mama. Pikapu ni chuma tu.

Mwendwa aliona benchi linataka kumilikiwa na Profesa. Akasogea mbele kidogo, kwa uangalifu, ubao usiruke.

— Sikiza niwaambie. Mvua ya mwezi jana, mzee Waithaka alinituma mtaa wa Satellite. Ile njia ya nyuma ya soko mnaijua ilivyo. Nikakuta lori limezama mpaka ekseli, watu wamesimama wanaliombea. Nikavuta ile gea ndogo ya pembeni, taa ya kijani ikawaka, foo-wili imeingia. Nikawapigia honi. Nikapanda kama mtu anaenda kuchukua maziwa dukani!

— Nilisikia, — alisema Kiragu. — Umenihadithia mara nne.

— Mara ya tano ni bure. Hii gari ukiipeleka jumba la KICC inapanda ngazi. Mpaka ghorofa ya ishirini, na unageuza huko juu.

— Ishirini ni kidogo, — alisema Profesa. — Na mtoni pia. Maji yafike hata kwa kioo, haizimi. Dizeli na maji ni majirani, zinaheshimiana. Maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake nini? Maana yake gari ikishaingia mtoni, maji hayawezi kuizoa.

— Profesa, wewe umewahi kuendesha? — aliuliza Kanyiva.

— Nimefungulia magari lango miaka thelathini. Hakuna anayeyajua kama mimi.

Kiragu alitazama saa. Wazee wanne wa ukoo walikuwa wanamngoja Kinoo na makoti yao, na nyuma ya pikapu kreti zilishafungwa kamba pamoja na gunia la sukari na vibuyu vya pombe ya muratina. Alikuwa anafungua mdomo aseme twende, pikapu nyingine ikaingia kando ya benchi. Hiyo ilikuwa kuukuu, rangi yake hujui, imepakwa tope mpaka madirishani, na mikebe ya maziwa ikigongana nyuma. Akashuka mwanamke mwenye gambuti na kofia ya sufu.

— Wangui, habari ya huko juu? — alisema Kanyiva, akimpa kikombe kabla ya kuombwa. — Huyu ndiye hutuletea maziwa kutoka Njabini, — alimwambia Kiragu.

Kiragu alimkimbilia na suti yake.

— Mama, kile kilima cha kanisani, cha kwa wakwe zangu, umekipita leo?

— Nimekipita saa kumi na moja alfajiri. Malori mawili yamelala hapo, moja kila upande. Katikati kuna nafasi ya gari moja. — Alipuliza kahawa, akaizunguka polepole ile pikapu inayong'aa, kama mtu anayenunua ng'ombe. — Mnaenda na hii?

— Hii hii, — alisema Mwendwa. — Foo-wili.

— Naona. Ni nzuri. Nani anaendesha?

— Mimi.

— Habu umefunga?

Mwendwa alimwangalia Profesa. Profesa alifungua gazeti.

— Hizi za kisasa, — Profesa alisema nyuma ya gazeti, — zinajifunga zenyewe.

— Zingine ndiyo. Hii hapana, si kifundo chake kile pale? — Wangui alionyesha katikati ya gurudumu la mbele kwa kikombe. — Unakizungusha kwa mkono, huku na upande wa pili. Usipofunga, hata uvute hiyo gea ndogo ing'oke, taa itawaka, lakini magurudumu ya mbele yatazunguka bure tu. Ya nyuma yanasukuma peke yake.

Mwendwa alikijua kile kifundo. Alikijua kuliko mtu yeyote Nairobi. Kila wiki, kwa miezi kumi na moja, alikipiga mswaki, akakipaka nta, akakisugua na kitambaa cha flaneli mpaka kikaonyesha meno yake. Alidhani ni urembo.

Profesa alisogea katikati ya ubao, Mwendwa akainuka na kuchuchumaa mbele ya gurudumu. Kulikuwa na mshale mdogo, na herufi alizokuwa amezisugua zikabaki nusu. Mshale ulielekea palipoandikwa FREE, yaani wazi, habu haijafungwa. Akazunguka upande wa pili. Wazi vilevile.

— Turbo, — alisema Kiragu, kwa upole kabisa. — Siku ile Satellite, ulipanda na magurudumu mangapi?

— Mawili.

— Na haya manne, umewahi?

Majibu yalimjia kama kumi, yote matamu. Moja lilikuwa na KICC ndani. Aliinua macho, akaona viatu vya Kiragu, vipya, vyeusi, na soli ambayo haikuwa imekanyaga kitu.

— Bado, — alisema Mwendwa. — Sijawahi hata siku moja.

Profesa alishusha gazeti. Hata Kanyiva aliacha kumimina.

— Basi vifundo hivyo vizungushe vyote viwili tuone, — alisema Wangui.

Cha kushoto kilikubali mara moja. Cha kulia kiligoma, nta imekishika, akakibembeleza kwa kitambaa na vidole viwili vikachubuka kabla hakijalia *tak*. Wangui aliinama akahakikisha, akamrudishia Kanyiva kikombe.

— Mimi nimemaliza, narudi nyumbani. Nifuate. Kilimani weka gea ya pili ukiwa bado chini, usibadilishe njiani. Kanyaga pale nimekanyaga. Ukiona nimepinda kwenda shambani kwa watu, pinda, usiulize.

— Sawa, mama.

— Na usinipite.

— Siwezi, mama.

Kiragu aliingia upande wa abiria, akapandisha suruali magotini. Profesa alirudi mwisho wake wa ubao awapungie mkono, akasahau kwamba upande wa pili hakuna mtu tena, lakini hiyo ni habari ya Kanyiva na vikombe vyake.

Mwendwa aliwasha injini ya lita tatu. Akaweka taa ya kugeuka, akangoja pikapu ya maziwa itangulie.