Dereva Asiyeona

Mshonaji hakuwa mtu wa kutega masikio, ila waliokaa mbele yake kwenye basi hawakumpa nafasi ya kutosikia. Fundi wa vinanda, mzee asiyeona, alikuwa amempa muuguzi kitambulisho amtafutie jina lake kwa simu kwenye kumbukumbu za mahakama ya trafiki. Ofisi ya pensheni ilimwambia ana kesi, naye akadhani wanamtania.

"Mzee, ipo," muuguzi alisema, macho yamemtoka. "Uliendesha gari kwa kasi karibu na shule. Hukufika mahakamani, wakakutia hatiani. Unadaiwa faini."

"Mimi? Niliendesha gari?"

"Namba ni hii hii ya kitambulisho chako."

Mshonaji akajishika mdomo. Fundi alicheka, kisha akanyoosha mkono arudishiwe kitambulisho.

"Kitambulisho hukaa kwa mdogo wangu, leo tu nimekichukua niende pensheni. Ndiye hunisomea barua zote."

"Na ya mahakama hakukusomea! Alipokamatwa alitoa kitambulisho chako. Usilipe, mzee. Kamtaje kwa hakimu."

"Binti, huyo hunipikia, hunifulia, hunivusha barabara. Nikimtaja nabaki na nani?"

"Na kama angemgonga mtoto, ungefungwa wewe?"

Mshonaji naye alitaka kujua, lakini basi likasimama. Mlangoni alikuwa akingoja mwanamume mwenye sura ile ile ya fundi, ila changa kidogo. Alinyoosha mkono, akitabasamu.

"Kaka, nipo hapa. Njoo."

Fundi alisimama. Akapapasa bomba la mlango, akashuka ngazi mwenyewe, na mkono wa mdogo wake ukabaki hewani.