Mwalimu Melania na Neno Lililobeba Kila Mzigo

Leo, Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, Mwalimu Melania Gwimo anakabidhi funguo za kabati la idara ya Kiingereza baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, yote katika shule hii moja. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Pastory, ameniomba mimi, Castory, niandike wasifu wake, kwa sababu, alisema, hakuna mwalimu aliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko mimi. Ni kweli. Angeuliza pia ni nani aliyemwonea wivu muda mrefu kuliko wote, angepata jibu lilelile.

Msishangae kuona jambo hili kwenye kipeperushi cha sherehe. Ofisi nzima ya walimu inalijua, mwenyewe analijua, na wanafunzi wamelijua tangu wakiwa kidato cha kwanza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Leo nimekuja kutoa haki, na nitaitoa yote hata kama inanichoma.

Mwalimu Melania alizaliwa Ujiji, akiwa wa tatu katika familia ya fundi wa reli na mama muuza mawese. Alifika hapa mwaka 1992, shule ikiwa na madarasa mawili na kiti kimoja chembamba cha mwalimu ambacho, wanasema, kilikaliwa kwa zamu. Alikabidhiwa Kiingereza na, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, akapewa pia jiografia, bustani na kengele. Vitabu vya Kiingereza vilikuwa vichache mno, watoto wengi nyumbani wanaongea Kiha, Kiswahili wamekikuta shuleni, na sasa wanaletewa lugha ya tatu. Mwalimu mwingine angeomba uhamisho. Yeye aliwapanga mstari, akawashusha kwa miguu mpaka Kibirizi, kwenye mwalo wa dagaa, pale mitumbwi inapopakua samaki ufukweni, na huko ndiko ilikozaliwa Siku ya Neno.

Kwa wageni wetu wa leo ambao hawaijui, Siku ya Neno ni hivi. Muhula wa kwanza, kidato cha kwanza hupewa neno moja tu la Kiingereza, fupi, ambalo kila mtu anadhani analijua. Neno hilo halijawahi kubadilika: ni "run". Mtoto yeyote aliyepita shule ya msingi atakwambia maana yake ni kukimbia. Basi Mwalimu Melania huwaambia hivi: "Neno hili ni mchukuzi wa Kibirizi. Halichagui mzigo. Nendeni mkaone linabeba nini." Watoto hutawanyika mwaloni, wanawauliza watu wanafanya nini, kwa Kiswahili au kwa Kiha, kisha wanarudi kwake kumwonyesha kazi ambayo neno hilo linaweza kuibeba.

Na kazi hazikosekani. Injini ya boti iendayo Mwamgongo inanguruma, hiyo ni "run". Boti yenyewe kufanya safari zake kila siku, "run" tena. Mama Shadia, muuza dagaa mwenye kibanda cha chakula, anaendesha biashara yake. Chumvi ya kukaushia samaki imemwishia. Mjukuu wake anatiririka kamasi. Bomba la maji limeachwa wazi. Diwani anagombea tena. Sisi Waswahili kila kimoja tumekipa kitenzi chake, tena kizuri. Mwingereza amemwajiri kibarua mmoja na kumrundikia yote. Mtoto akiliona hilo kwa macho, akiwa amesimama kwenye mchanga wenye magamba ya samaki, hasahau mpaka anazeeka.

Anayerudi na kukimbia kwa miguu tu huadhibiwa kwa kukimbia mpaka majini na kurudi, huku wenzake wakimshangilia. Anayeleta kazi ambayo hakuna kidato kilichotangulia kuileta, huyo ndiye hupakuliwa wa kwanza ugali na migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa Mama Shadia, kabla hata ya mwalimu. Nimewahi kuona mtoto mkimya kuliko wote darasani akipakuliwa wa kwanza. Tangu siku hiyo hakunyamaza tena, na mimi ndiye niliyekuwa namfundisha kipindi kilichofuata.

Mimi nilifika miaka kadhaa baada yake, nikiwa na shahada, chaki za rangi na imani kubwa katika sarufi. Nilichora ubaoni jedwali la nyakati zote za Kiingereza, kwa mistari iliyonyooka. Lilikuwa jedwali zuri, na bado nasema lilikuwa zuri. Katikati ya kipindi, mkono ukanyooshwa nyuma ya darasa. Nilifurahi, nikajua nimepata swali la kwanza la sarufi. Mtoto akauliza, "Mwalimu, sisi tunaenda lini Kibirizi?"

Wema wa Mwalimu Melania nao una gharama, na mara nyingi gharama hiyo huangukia kwa jirani. Tulipangiwa nyumba za walimu zinazotazamana. Asubuhi moja aliazima kwangu shati jeupe, nami nikampa bila kuuliza, maana mtu wa heshima akiomba hahojiwi. Kumbe alitaka kuwaonyesha watoto kwamba nguo inayochuja rangi nayo huitwa "run". Shati langu likazamishwa kwenye ndoo moja na kitenge chekundu kipya, mbele ya darasa zima. Somo lilieleweka vizuri sana. Nilirudishiwa shati limefuliwa, limepigwa pasi na kukunjwa vizuri, likiwa rangi ya waridi. Ndilo nililovaa leo, na wanafunzi wa miaka ile waliomo ukumbini wameshalitambua.

Mafanikio yake mengine mnayaona. Ufaulu wa Kiingereza ulipanda mpaka shule za jirani zikaja kuuliza siri, zikaelekezwa njia ya Kibirizi. Alianzisha klabu ya midahalo. Alipanda boti kwenda Mwamgongo kumfuata binti aitwaye Agape aliyeacha shule baada ya mama yake kuugua, akakaa na familia siku mbili, akarudi naye. Agape leo ni muuguzi. Nilimkuta zamuni nilipokwenda kupimwa presha. Nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne, sentensi zote za masharti za Kiingereza nilimpa mimi. Alifunga mkanda wa kipimo mkononi mwangu, akatabasamu na kusema, "Shikamoo mwalimu. Mwalimu Melania hajambo?" Presha ilisoma juu. Sikumweleza sababu.

Madereva bajaji ni hivyohivyo. Akipanda yeye, nauli haipokelewi. Nikipanda mimi, inapokelewa, tena chenji hakuna.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna wasifu wa kweli unaoweza kulikwepa. Mwaka juzi kidato cha kwanza kilijaa, kikagawanywa mikondo miwili. Mkondo A ukaenda kwake. Mkondo B nikapewa mimi, nikasema moyoni, Castory, siku yako imefika. Nilichagua neno langu mwenyewe, "set", ambalo kwa kubeba mizigo halina mpinzani wa karibu isipokuwa lile lake. Jua linatua, neno ni hilo. Wavu unategwa, neno ni hilo. Saruji inaganda, sahani zinakaa seti moja kabatini, meza inaandaliwa. Niliandaa kwa wiki tatu. Nilitafuta Ijumaa isiyo na mtihani wala mechi, nikapata kibali na tukashuka.

Tulikuta mchanga mtupu. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu, nyavu zimetundikwa, chanja za kuanikia dagaa hazina hata kichwa cha dagaa. Wachukuzi hawapo, Mama Shadia hayupo, na kunguru wawili walitutazama kama tuna deni lao. Mtu yeyote wa Kigoma anayesoma hapa ameshacheka. Nilikuwa nimeangalia kalenda ya mitihani, ratiba ya michezo na hali ya hewa. Sikuangalia mwezi. Ulikuwa mwezi mpevu, na dagaa huvuliwa gizani kwa taa; mbalamwezi ikitawala ziwa, taa haina kazi, na wavuvi hupumzika mpaka giza lirudi. Mimi ni mzaliwa wa mkoa huu. Nilikula dagaa kabla sijaota meno. Ukimwiga tembo, utapasuka msamba, nami nilipasukia mbele ya mkondo B mzima.

Sikumpigia simu. Wala sikumtuma mtu. Lakini usiku uliotangulia yeye alikuwa ameutazama mwezi kutoka kibarazani kwake, akatazama na nyumba yangu, akaelewa. Nilipokuwa nawaza niwaambie nini watoto, bajaji ikasimama, akateremka na khanga yake begani. Aliwaamkia watoto kana kwamba ndivyo tulivyokuwa tumepanga. Akatupeleka nyuma ya nyumba za wavuvi, kivulini, ambako wazee walikuwa wanashona nyavu. Akasema nao kwa Kiha, wakacheka, nadhani najua walichocheka, kisha wakawasogezea watoto vigoda.

Nilijifunza siku hiyo kwamba mvuvi wakati wa giza ana dagaa, na wakati wa mwezi ana maneno. Mmoja wao, Mzee Elieza, alimwonyesha kila mtoto namna wavu unavyotegwa na gundi ya kuzibia mtumbwi inavyoganda. Saa sita neno langu lilikuwa limebeba mizigo ambayo hata mimi sikuwa nayo kwenye maandalio yangu. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kufundisha. Jioni wazazi waliokuja shuleni waliuliza siku ilikwendaje, na watoto wa mkondo wangu, wenye neno langu, wakasimulia kwa furaha kuhusu siku ya Mwalimu Melania.

Yeye hakunisema. Hakutabasamu hata kidogo njiani kurudi. Aliniuliza tu kama nimekula. Afadhali angenicheka, maana mtu anayekucheka unaweza kumchukia ukapumzika. Mimi nimenyimwa hata hiyo nafasi, na miaka yote hii nimebaki na wivu wangu mkononi sina pa kuutua. Nimemwonea wivu kwa sauti yake, kwa bajaji zake za bure, kwa Agape, kwa Kibirizi yote. Na nilichomwonea wivu zaidi ni kwamba yeye hakuwahi kumwonea mtu. Hata neno langu "set" alilisifia ofisini, mbele ya wote, akasema ni neno zuri kuliko lake.

Sasa amri imetoka. Machi ijayo mikondo yote miwili ni yangu, na Siku ya Neno ni yangu. Mwalimu Pastory alinipa habari hiyo kama mtu anayetoa zawadi. Sikulala. Siku hiyo ikifa, itafia mikononi mwangu, na mji mzima utajua imefia kwa nani.

Wiki iliyopita nikashuka Kibirizi peke yangu, kujitambulisha mapema. Safari hii zilikuwa siku za giza, nimeshajifunza, mwalo umejaa watu na dagaa wanamwagwa kwa ndoo. Mama Shadia nimekula kwake mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ni nani vile?"

Nikasema mimi ni Mwalimu Castory.

"Castory gani?"

Nikasema, "Ninafundisha na Melania."

"Alaa! Mtu wa Melania! Shadia, lete kigoda, mwalimu akae." Nikakaa. Nikaletewa migebuka ya kuchoma na ugali, na pesa yangu ikakataliwa. Hata wachukuzi walipita wakinipa mkono. Nilikula nikiwa na uchungu, maana kigoda kilikuwa chake, na samaki walikuwa wake, na heshima ile ilikuwa yake, mimi nimekalia tu. Lakini nilipoinuka, Mama Shadia aliuliza, "Sasa watoto watakuja lini? Tukuwekee samaki?" Alisema tukuwekee, si tumwekee. Nilipanda kilima nikilirudia neno hilo kimoyomoyo mpaka nyumbani.

Mwalimu Melania, umekaa hapo mbele na najua unasoma mstari huu huku ukijizuia kucheka. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekubali. Kwa niaba ya walimu, wanafunzi, wazazi na mwalo wote wa Kibirizi, asante kwa watoto uliowapa mdomo, asante kwa shati, asante kwa siku ile ya mwezi mpevu. Ukafurahie nyumba yako ya Ujiji, wajukuu wako na mawese ya mama yako, na maisha yakuendee vyema kama ulivyotuendesha sisi.

Nina ombi moja tu. Giza la Machi nimeshalitafuta kwenye kalenda, nimelizungushia wino mwekundu. Wiki hiyo usishuke Kibirizi. Tafadhali. Ukionekana hata ukiwa mbali, ukiwa juu ya boti, hakuna mtoto atakayenitazama mimi. Kaa kibarazani kwako Ujiji unisubiri. Jioni nitakuja na bajaji, nauli nikiwa nimelipa mwenyewe, nikae nikusimulie watoto walileta nini, nani aliadhibiwa na nani alipakuliwa wa kwanza. Wewe utasikiliza, maana utakuwa hukuwepo. Na ninakuombea kwa Mungu, kwa mapenzi yote niliyo nayo, uone wivu kidogo.