Kona ya Faramarz

Benchi la mbele ya duka la mitishamba la Haji Kambiz, pale mjini Torbat, lilikuwa na wenyewe wote asubuhi hiyo, isipokuwa Faramarz. Tangu mavuno ya zafarani yaishe yuko ndani, amelala uso ukutani. Vidonge vya daktari anameza, ila chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Na Torbat kumtazama mgonjwa mikono mitupu ni sawa na kwenda bila suruali. Kwa kuwa benchi halijakubaliana lipeleke nini, hajaenda mtu. Nosrat, rafiki yake wa tangu ujana, alikuwa na birika tupu mapajani. Leo lazima lijazwe.

— Maua ya ulimi wa ng'ombe, yale ya kutuliza moyo, na limau kavu, alisema Haji, ambaye hata ukimpelekea tairi lililopasuka atakupimia maua hayo. — Bibi yangu alizika waume watatu kwa dawa hiyo, hakudondosha chozi.

— Waliinywa waume au aliinywa yeye? aliuliza Injinia, fundi aliyewahi kubuni kitasa kikamfungia nje mwenyewe.

— Kunywa chai yako.

— Mimi nasema zafarani, tena nzito, alisema Injinia. — Mjomba alikunywa kikombe akacheka mazishini mpaka maiti akaona haya.

— Ikizidi mtu hucheka akafa, alisema Nusu Daktari, ambaye bintiye kaolewa na daktari wa meno. — Kaniambia mkwe.

— Mkwe wako si wa meno?

— Na mtu akicheka anaonyesha nini?

Nosrat alihamisha birika goti hadi goti.

— Jamani, na vile vidonge? Daktari wake alisema tusichanganye na kitu bila kumuuliza.

Hapo kila mtu akanywa funda.

— Basi asinywe, alisema Nusu Daktari. — Anuse. Tumjazie mto maua hayo.

— Mto wa nini? alisema Injinia. — Tuchome maua hapa dukani, moshi upite kwenye bomba hadi chumbani kwake. Bomba ninalo, na nyumba yenyewe si ile, mlango wa bluu?

— Bomba fupi litatosha, alikubali Haji.

Akatokea mgeni mmoja, kaja kununua nanaa ya tumbo, kapewa glasi ya chai, anatafuta pa kukaa. Akaonyesha kona ya kulia, iliyo tupu tangu mavuno.

— Samahanini. Hapa pana mtu?

Haji akaanza kufuta mizani safi. Injinia akayatazama matairi ya baiskeli yake. Nusu Daktari, mwenye jibu la kila kitu, akaanza kukoroga chai isiyo na kitu, kibonge cha sukari bado kimebanwa menoni.

Nosrat akainuka. Akafungua samawari, mtungi wa kuchemshia chai pale dukani, akajaza birika chai ya kawaida, hiyohiyo ya kila siku, akachukua glasi mbili.

— Unampelekea chai tu? alinong'ona Haji. — Si aibu hiyo?

— Nakwenda kukaa naye.

— Sasa mimi nikae au nisikae? aliuliza mgeni.

Nosrat alikuwa keshaingia barabarani, birika linamuunguza vidole.

— Ngoja kidogo, ndugu yangu, alijibu Nosrat bila kugeuka.