Komeo la Bi Mwaija

Pale kona ya njia ya Buzuruga, ukutani kwa kinyozi, palikuwa na benchi la miguu minne: mitatu ya mbao, mmoja wa matofali. Hapo kila alasiri shida zote za Mwanza zilimalizwa, isipokuwa za wenye benchi. Mwaka huo wa sitini na moja, wiki mbili kabla ya bendera kubadilishwa, mvua haikukatika, ziwa lilikuwa linapanda, na mji ulijaa uvumi wa wezi na mumiani. Mwenye kifua kipana kuliko wote pale alikuwa Josephat, seremala kijana aliyeacha shule darasa la tatu kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mwalimu alikuwa ameishiwa. Alijiita Injinia. Ndiye aliyemtengenezea komeo Bi Mwaija, mjane aliyeishi peke yake hatua thelathini kutoka benchini: gogo la mninga lililokingama mlango mzima kwa ndani. Kisha benchi likampa masharti. Afunge mchana kutwa. Asiitikie hodi. Asitoe sauti kabisa, mwizi asije akajua ndani mna kikongwe. Bilali muuza kahawa akimpelekea kikombe chake, atagonganisha vikombe mara tatu. Bibi ajibu kwa kugonga mlango mara tatu kwa mchi, ndipo afungue.

“Asiyesikia la mkuu huvunjika guu,” Injinia alimwonya, naye ana miaka ishirini na miwili.

Siku hiyo Bilali alirudi na kikombe kimejaa.

— Hajafungua? aliuliza Injinia.

— Kajibu. Tatu kamili, kama jana. Ila leo hafungui.

— Si kajibu? Basi mzima. Lete hicho kikombe, kisipoe bure.

— Sikia kwanza, wewe. Siku zote mchi ulikuwa unagonga hapa. Bilali akajigusa kifua. Jana uligonga hapa. Akagusa goti. Leo umegonga kizingitini. Polepole. Ko... ko... ko.

Chenge, aliyeitwa Keya kwa sababu alipigana Burma na jeshi la KAR na hakuacha mtu asahau, akatikisa kichwa.

— Nyumba inazama. Ziwa limepita chini kwa chini. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ingezama na paa, Keya! alidakia Injinia. Paa si lile pale?

— Paa huzama mwisho.

Mbaruku, jina la benchini Redio, akashusha sauti.

— Yule si bibi. Jana jioni nilipita dirishani kwake. Nilisikia kitu kinakokota sakafuni, kinapumzika, kinakokota tena. Kinaelekea mlangoni.

— Ukafanya nini? aliuliza Bilali.

— Nikafanya mbio. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wakacheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Injinia aliona macho yote yanamgeukia, nayo sifa haimruhusu mtu kunyamaza.

— Komeo langu halipitishi hata jini, alisema. Kwa hiyo hicho kitu hakikuingia jana. Kilikuwemo tangu zamani. Sisi tumekifungia ndani, pamoja naye.

Alikusudia kuwatisha wenzake. Ajabu ni kwamba wa kwanza kugeuka kuutazama mlango ule alikuwa yeye mwenyewe.

— Shikamooni, wazee.

Wote wanne wakaruka. Alikuwa mwanamke mwenye kapu la michembe, viazi vilivyokaushwa, kichwani, miguu imejaa tope.

— Marahaba, alijibu Keya, akijifanya alikuwa anajinyoosha.

— Naitwa Paskazia, natoka Magu. Naulizia kwa mama mkubwa, Bi Mwaija.

Wakamweleza wote kwa pamoja: komeo, mchi, masharti, kitu kinachokokota. Paskazia alishusha kapu taratibu.

— Sasa nyie, akianguka humo ndani, nani anamfungulia?

Keya akatazama buti zake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa na habari.  Injinia alilikumbuka gogo lile, uzito wake, namna alivyolikalisha juu ili mtoto wa mwizi, akipenyezwa kwenye nondo za dirisha, asilifikie. Wala mtu aliye sakafuni.

Akanyakua vikombe kwa Bilali, akakimbia, wenzake nyuma yake. Mlangoni akavigonganisha mara tatu. Mvua ikadondoka kwenye bati. Kisha, chini kabisa, usawa wa vidole vyake vya miguu:

Ko.

Ko.

Wakaungoja mlio wa tatu. Haukuja.

Injinia akatupa bega mlangoni. Komeo halikulia hata kidogo. Akatupa tena. Kazi ilikuwa nzuri, kama alivyoisifu.

— Shoka! Keya, shoka!

Keya alikuwa keshatimua mbio kulifuata. Injinia akapiga magoti topeni, akaweka sikio kwenye upenyo wa chini. Pumzi ilikuwa karibu, karibu mno, ikimpuliza shavu. Kisha sauti iliyokatazwa kusikika ikatoka gizani, nyembamba kama uzi:

— Hodi.



— Karibu, bibi, alijibu Injinia, akinyoosha mkono nyuma kupokea shoka kwa Keya aliyekwisharudi. Karibu. Sogea kidogo, kama unaweza.